Ukutani Hakukuwa na Pindo Lake

Merle Wolbert aliliona jina lake gazetini Alhamisi asubuhi, kati ya tangazo la mnada wa ng'ombe na picha ya wasichana wa timu ya mpira wa wavu, na kahawa ikamgeukia shubiri mdomoni.

Gazeti lenyewe ni la wilaya, hutoka Alhamisi kwa Alhamisi, na watu hulinunua ili wajue nani kafa na nani anauza trekta. Wiki hiyo nusu ukurasa ulikuwa wa tangazo moja. Juu kulikuwa na kichwa cha kulungu dume mwenye mapembe kama matawi, chini yake herufi nene: SISI KUMI NA WAWILI WA KAMBI YA KIJITO CHA CHUMVI TUKO NA RAIS. BUNDUKI ZETU NDIZO KURA ZETU. Halafu majina, yamepangwa kwa kufuata alfabeti. La pili kutoka mwisho lilikuwa lake.

"Nadine," akaita. "Njoo uone nilichosema."

Nadine, mkewe wa ndoa ya miaka arobaini na nne, akaja akichechemea kwa sababu ya goti alilofanyiwa operesheni Septemba. Akasoma akiwa amesimama, mkono mmoja begani kwa mumewe.

"Si uliniambia hukusaini?"

"Sikusaini."

"Sasa huyu Merle Wolbert ni nani?"

"Hilo ndilo ninalotaka kwenda kuwauliza."

Ni mtu wa miaka sitini na saba, mrefu, mkavu, na kwenye vidole ana madoa ya buluu ambayo sabuni zote za Pennsylvania zimeshindwa kuyatoa. Miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa kupaka miti rangi katika msitu wa taifa: alama moja kwa mti wa kukatwa, alama tatu kwa mti wa mpakani. Kazi hiyo watu huicheka. Mtoto wa shule aliwahi kumwuliza kama miti huwa inapenda rangi yake. Lakini hakuna kona ya msitu ule ambayo Merle hakuitembea kwa miguu, kwenye theluji na kwenye mbu, na mpaka leo ukimwamsha usingizini ukamtajia namba ya kitalu atakwambia kinaanzia jiwe gani na kinaishia kijito gani.

Sahihi yake ameitoa mara chache sana maishani: jeshini, kanisani, kazini, na siku aliponunua nyumba. Si mtu wa kujiandika-andika. Na ndiyo maana asubuhi ile kahawa aliimwaga kwenye sinki. Ukiibiwa bunduki unakwenda polisi. Ukiibiwa jina unakwenda wapi? Uchaguzi ulikuwa Jumanne. Gazeti jingine lingetoka Alhamisi baada yake. Uongo ule ungekwenda kupiga kura pamoja na watu wote wa wilaya, na yeye angekanusha wakati sherehe zimekwisha na viti vimekunjwa.

Sasa msifikiri Merle alikuwa adui wa Rais. Miaka minne nyuma alimpigia kura kwa mkono wake mwenyewe, na bango la Rais lilikaa mbele ya nyumba yake mpaka theluji ikaliangusha. Ana bunduki sita. Anayoipenda ni ya baba yake, ile ya kukoki kwa mkono, kitako chake kimelika mahali shavu la baba lilipokuwa likikaa na sasa linakaa shavu lake. Rais aliapa kwamba hakuna atakayezigusa bunduki za wawindaji, na Merle akaamini, na kwa hilo Rais hakusema uongo. Bunduki hazikuguswa. Kilichoguswa kilikuwa kingine.

Mambo yalianza kuharibika wiki tatu kabla ya gazeti, wikiendi ya kupasua kuni.

Kambi yenyewe ni nyumba ya magogo kwenye ekari moja. Ekari hiyo ni yao wenyewe, kumi na wawili kwa pamoja, urithi wa baba na babu. Pande zote nne zinazoizunguka ni msitu wa taifa, yaani wa kila mtu, na humo ndimo wanamowinda kila mwaka msimu wa kulungu unapofunguliwa baada ya Sikukuu ya Shukrani. Vitanda vya deka kumi na viwili vilichongwa na baba yake Merle. Cha Merle ni cha chini, karibu na jiko, na ubavuni bado pana alama za kisu alizochonga akiwa na miaka kumi na miwili akisubiri kupambazuke.

Na kuna ukuta. Kambini pale, ukimfyatulia kulungu ukamkosa, jioni unainama juu ya meza ya chakula, kapteni anachukua mkasi unaoning'inia kwa kamba, anakata pindo la nyuma la shati lako. Anaandika jina, tarehe, na risasi ulizopoteza, kisha analipigilia msumari ukutani. Likishapanda halishuki. Mwenyewe akigombana na wenzake linabaki, na akifa linabaki vilevile. Baba yake Dwight Carnahan yumo ukutani tangu mwaka hamsini na nane, risasi tano kwa kulungu mmoja aliyekuwa amesimama, na watu humcheka mpaka leo ilhali marehemu ameoza zamani. Mapindo yapo zaidi ya mia, ya miraba, ya mistari, mengine yameliwa na nondo.

La Merle halikuwemo. Misimu arobaini na mmoja tangu awe mwanakambi kamili, hakuna hata moja. Hapo ndipo kichwa chake kilipokuwa kikubwa kidogo, tuseme ukweli. Kila mwaka alikuwa akiupiga ukuta kofi akisema, "Huyu hanijui." Watu walimvumilia kwa sababu ilikuwa kweli.

Kapteni wa kambi ni huyo Dwight, miaka hamsini na tisa, kifua kama pipa, alikuwa dereva wa kiwanda cha vioo mpaka kiwanda kikafungwa. Ana bunduki kumi na moja na sauti inayowatosha watu kumi na mmoja. Jumamosi ile ya kuni, watu walipomaliza kula, akatoa karatasi mfukoni akainyoosha mezani.

"Barua ya gazeti," akasema. "Fupi. Kila mtu atie sahihi. Nataka kumi na mbili, sitaki kumi na moja. Zikiwa kumi na moja watu watauliza wa kumi na mbili yuko wapi."

"Waambie yuko chooni," akasema Gus, kaka yake Nadine, na watu wakacheka.

Karatasi ikazunguka. Ilipomfikia Merle akaisoma mara mbili, kisha akaiweka chini ya kikombe.

"Dwight, ile orodha ya vitalu vya serikali ambavyo Rais anataka kuviuza umeisoma?"

"Niliisoma kwa sauti kwenye ukumbi wa wazima moto, siku ya chapati za maji, mbele ya watu themanini. Wewe hukuja."

"Nilikuwa hospitali na mke wangu."

"Basi ulikosa. Watu walipiga makofi. Ni majangwa ya huko magharibi, bwana. Mawe na nyoka. Auze. Yanatuhusu nini?"

"Namba 5127 imo kwenye orodha."

"Ndiyo nini hiyo?"

Merle akaelekeza uma dirishani, kwenye kilima kilichoanzia nyuma ya choo na kupanda mpaka mawinguni. "Ndiyo hiyo."

"Hiyo ni Bega la Ng'ombe."

"Bega la Ng'ombe ni jina lenu. Serikali haijui bega wala ng'ombe. Serikali inajua 5127."

Kosa hili lingeweza kufanywa na watu wa kambi tu. Mtu wa mjini angefungua ramani, maana asingejua lolote. Hawa walijua kila kitu. Walijua Bega la Ng'ombe, Kaburi la Mswidi, Shimo la Oscar ambamo Oscar alivunja mguu kabla ya vita. Walijua kulungu anapita wapi upepo ukitoka kaskazini. Namba hakuna aliyeijua, kwa sababu hakuna aliyewahi kuihitaji. Basi Dwight aliposimama ukumbini kuzisoma namba sabini na kitu, zilikuwa kama namba za simu za watu wasiowafahamu. Wakapiga makofi. Walikuwa wanapigia makofi mlima wao kuuzwa, na shira ya chapati bado iko vidoleni.

"Mpaka-rangi wetu amegeuka wakili," akasema mmoja.

"Anamtaka yule mama huyu," akasema mwingine. "Sema tu, Merle. Mapenzi si dhambi."

Yule mama ni gavana aliyekuwa akishindana na Rais. Chama cha wenye bunduki kilikuwa kimewatumia wanachama kadi ya njano yenye alama za wagombea, kama za watoto wa shule: Rais A, gavana F. Kadi ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa friji la kambi.

"Simtaki," akasema Merle. "Nilimwona kwenye televisheni amevaa kizibao cha uwindaji kipya, mikunjo ya dukani haijatoka, kashika bunduki kama mwavuli. Halafu keshoye anataka tuandikishe kila bunduki kwa karani. Mimi? Ya baba yangu? Ananikera mpaka kwenye meno. Lakini yeye hajaniuzia mlima."

"Na huyu naye hajauza," akasema Dwight. "Ni karatasi. Weka sahihi."

"Sisaini."

"Usitutie aibu, Merle."

"Lete ramani nikuonyeshe."

"Sihitaji ramani kwenye kambi ya baba yangu."

Merle akainuka akaenda kupasua kuni peke yake mpaka giza lilipoingia, na zile kuni alizipasua nyembamba kuliko ilivyohitajika. Aliamini yamekwisha. Alisema hasaini, hakusaini, basi. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Ndivyo ilivyokuwa mpaka Alhamisi ya gazeti. Ijumaa alikwenda kwenye ofisi ya gazeti, binti wa mapokezi akamwambia kwa heshima kwamba barua ililetwa na sahihi zote kumi na mbili, na akamwonyesha. Ya kwake ilikuwa ya herufi za kuviringana, mwandiko wa mtu mwenye furaha. Merle huandika jina lake kama anayechonga jiwe.

"Mzee, tunaweza kuweka masahihisho Alhamisi ijayo," akasema binti.

"Alhamisi ijayo weka tangazo la mazishi," akasema Merle, akatoka, halafu akarudi mlangoni akamwomba radhi, maana binti hakuwa na kosa.

Jumamosi kulikuwa na kikao cha mwisho cha kambi kabla ya msimu. Nadine alimwomba kitu kimoja tu: bunduki zibaki kabatini. Merle akaufungua mkufu wa funguo, akautoa ufunguo wa kabati, akamwekea mkononi.

"Naenda na mdomo tu," akasema.

"Ndio ninaouogopa," akasema Nadine.

Alifika saa sita mchana. Wote walikuwa mezani, maharagwe na nyama ya nguruwe yanafuka moshi, na ule ukurasa wa gazeti umepigiliwa ukutani katikati ya mapindo ya mashati. Merle hakumsalimu mtu, na kwa mtu aliyekuwa akiwasalimu hata mbwa wao kwa majina, hilo lilitosha. Vijiko vikapunguza mwendo.

"Nani aliandika jina langu?"

Vijiko vikasimama kabisa.

"Nimeuliza. Naona kumi na mmoja, mmoja wenu ana mwandiko mzuri."

"Mimi," akasema Dwight. Hakuinamisha macho, tumpe haki yake. "Wewe ni mwanakambi. Kambi imeamua, kumi na mmoja kwa mmoja. Ndivyo kura zinavyokwenda."

"Kambi ikiamua kupika maharagwe, nitakula maharagwe. Ikiamua kupaka choo rangi ya waridi, nitakaa humo kwenye waridi. Lakini kambi haina mkono. Mkono ulikuwa wako, Dwight. Umeingia kwenye shati langu nimo ndani yake."

"Unakuza mambo, shemeji," akasema Gus kwa upole. "Ni gazeti tu. Watu wataliwashia moto."

"Mama yangu alinipa jina hilo. Hakunipa la kuwashia moto." Kisha akamgeukia Dwight tena. "Ule mti unaouegemea kila mwaka, pale juu Bega la Ng'ombe. Miaka mingapi sasa?"

"Ishirini na miwili. Una nini?"

"Una kibao upande wa kaskazini. Cha bati la njano, ukubwa wa kiganja. Kimefunikwa na kuvu ya kijani kwa sababu wewe hukaa kusini, kwenye jua. Nilikipigilia mimi kabla hujaujua. Nenda kakisome."

"Siendi popote, nakula."

"Anaogopa kusoma," Merle akawaambia wengine. "Tarakimu nne tu."

Gus akainuka. Labda alikuwa amechoka kukaa kati ya dada yake na kambi yake. Akavaa koti, akatoka, na kupitia dirishani wakamwona akipanda taratibu nyuma ya choo mpaka miti ikammeza. Wakamsubiri nusu saa nzima. Maharagwe yalipoa yakaganda mafuta juu. Mzee Harold Zuck, mwenye miaka themanini na minne na kitanda cha juu asichokubali kukiacha, akauliza kama kuna mkate.

Gus akarudi akihema. Kucha zilikuwa za kijani kwa kukwangua. Namba alikuwa ameiandika kwenye kiganja kwa kalamu asije akakosea njiani, akakiinua kiganja hicho kama mtu anayeapa mahakamani.

"5127," akasema.

Mzee Harold akanyoosha mkono. "Lete orodha, Dwight. Najua unayo kwenye pochi."

Dwight akaitoa. Mzee akavaa miwani, akapitisha kidole taratibu, namba kwa namba, midomo ikicheza. Kidole kilisimama mstari wa tatu kutoka chini. Akaisukuma karatasi katikati ya meza, kidole kikiwa bado palepale, na kila mtu akainama kuangalia, kisha kila mtu akakaa sawa akaitazama sahani yake.

Merle alikuwa ameisubiri dakika hiyo kwa wiki tatu. Usiku kitandani alikuwa akiwasikia wakisema, tumekosea, Merle, kumbe tumepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Alikuwa amejiandaa hata kuwasamehe.

"Hata hivyo," akasema Dwight.

"Hata hivyo nini?"

"Hata hivyo kura nampa Rais. Sikiliza, usinikodolee macho. Binamu yangu anaishi kwenye jimbo la huyo mama. Ilitoka sheria, akazipeleka bunduki tatu za babu yetu kituo cha polisi kwa mkono wake, amezifunga kwenye blanketi kama mtoto anayepelekwa nyumba ya mayatima. Hazikurudi. Nilimwona mtu mzima akilia kwenye simu. Mlima ukiuzwa utabaki palepale, leo una huyu kesho una yule. Bunduki ikienda imekwenda. Mimi nachagua bunduki. Na hawa wote wanachagua bunduki, ila wewe."

"Mlima utabaki, ndiyo," akasema Merle. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na waliomjua wakajua hapo ndipo hasira ilipo. "Utabaki na uzio, na bango la marufuku kuingia, na mlinzi wa tajiri ambaye hutamjua hata jina. Na wewe utakaa kwenye ekari yako hii moja na bunduki zako kumi na moja, unauangalia kwa darubini. Utawinda nini, Dwight? Panya wa jikoni? Wale wauzaji wamekujua. Wamejua ukishikiwa bunduki mbele ya macho huoni kinachobebwa nyuma yako. Na si wewe tu. Walinijua na mimi."

"Basi kama huko nasi," akasema Dwight, na uso wote ulikuwa mwekundu mpaka shingoni, "weka ufunguo mezani. Hapa ni kumi na wawili wa neno moja au ni kumi na mmoja."

Watu wote waliangalia kile kitanda cha chini karibu na jiko. Sijui kwa nini, lakini wote walikiangalia. Merle naye alikiangalia. Aliziona alama zake za kisu. Alijua kwamba angeweza kunyamaza, jina tayari limeshatoka, lisingeongezeka wala kupungua, na Novemba angelala hapo kama kawaida akisikiliza jiko likitoa milio. Hilo ndilo lililomkasirisha zaidi ya yote, kwamba lilikuwa jambo rahisi namna hiyo.

Akavua koti. Akafungua mkanda, akalitoa shati nje, shati la sufu la miraba myekundu na myeusi aliloshonewa na Nadine. Akaenda ukutani, akaushika ule mkasi.

"Merle, unafanya nini?" akasema Gus.

Akajipinda, akalivuta pindo la nyuma kwa mkono wa kushoto, akakata. Mkasi ulikuwa butu na sufu ilikuwa nene, ikamchukua muda, na hakuna aliyemsaidia. Akalitandaza mezani kati ya sahani, akachukua kalamu ya Gus, akaandika kwa zile herufi zake za kuchonga jiwe: jina lake, tarehe ya ile Jumanne ya miaka minne nyuma alipompigia Rais kura, risasi moja. Chini yake akaandika 5127.

"Misimu arobaini na mmoja nimewatambia," akasema. "Leo nasema. Nilifyatua moja, nikakosa. Simlaumu kulungu."

Akachukua msumari kwenye kopo, akalipigilia pindo lake juu ya ukurasa wa gazeti, katikati kabisa ya majina.

"Ufunguo siutoi. Kitanda kile alikichonga baba yangu. Pindo limepanda, Dwight, na wewe ndiwe kapteni. Lishushe kama unaweza. Anza na la baba yako."

Dwight aliinuka. Alifika ukutani, akanyoosha mkono, na mkono ukasimama nusu ya njia, kwa sababu la baba yake lilikuwa hapo kushoto, miraba ya kijani iliyopauka, risasi tano. Akabaki hivyo. Merle alikuwa tayari anavaa koti.

Ndipo kiti kikalia sakafuni. Mzee Harold Zuck alikuwa amesimama, anahangaika na kishikizo cha suruali, na shati lake limetoka nje upande mmoja. Akaisogeza sahani yake, akainama juu ya meza polepole, mgongo kwa Dwight, viganja viwili kwenye mbao, kama desturi inavyotaka.

"Kata, kapteni," akasema. "Mgongo unaniuma."

"Mzee, acha mchezo."

"Nilipiga makofi kule ukumbini. Mikono miwili. Kata."

Kapteni halikatai pindo la mtu aliyekiri. Dwight akaushika mkasi, na akakata kwa hasira, vibaya, akaondoka na karibu nusu ya shati la mzee. Wengine tisa walikaa palepale. Gus aliangalia kiganja chake chenye namba, akakifunga. Merle aliyaona hayo yote akiwa mlangoni, na mlango akaubamiza.

Alifika nyumbani kabla jua halijazama, shati limetokeza chini ya koti likiwa halina nyuma. Nadine alimzungusha kwenye mwanga wa dirisha kama anayepima nguo.

"Sufu yangu," akasema. "Umekosa? Msimu haujafunguliwa, na bunduki ninazo mimi. Umekosa kulungu gani?"

"Si kulungu. Nimekosa mlima."

"Mlima?" Nadine akacheka kidogo, kisha akauona uso wake, akaacha. "Merle, mtu hakosi mlima. Uko pale, mkubwa, hautembei."

"Ndiyo," akasema Merle. Akaketi, akaanza kufungua viatu, na vidole vyenye buluu vikashindwa na kamba. "Hiyo ndiyo hasira yangu yote."